Haki ya Kujua Ulipo

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli, lakini kama methali nyingine nyingi, inasema nusu ya jambo na kumwachia msikilizaji nusu ya pili. Nusu iliyoachwa ni hii: asiye na macho aambiwe nini, na ni nani mwenye wajibu wa kumwambia? Swali hili ni la kale, nasi tumezoea kulijibu kwa huruma. Tunamshika mkono asiyeona, tunamvusha barabara, tunamsomea barua yake. Katika insha hii nataka kulitazama swali hilo mahali padogo ambapo huruma haitoshi, nami nimepachagua kwa ajili ya udogo wake. Mahali penyewe ni jedwali refu la habari katika kompyuta, lililokatwa kurasa kwa kurasa, linaposomwa na mtu asiyeona.

Tuanze na jedwali lenyewe. Andika namba 62 kwenye karatasi tupu. Namba hiyo haisemi kitu. Iandike tena chini ya neno Historia na mbele ya jina la mwanafunzi, na papo hapo inasema kwamba mwanafunzi huyu amepata alama 62 katika somo la historia. Namba haikubadilika, kilichoongezeka ni mahali ilipokaa. Basi maana ya jedwali imo katika makutano ya mstari unaolala na safu inayosimama. Mwenye macho huyapata makutano hayo bila jasho. Jicho lake hupanda mpaka kwenye kichwa cha safu, hurudi kushoto mpaka kwenye jina, na kazi yote hiyo huisha kabla yeye mwenyewe hajatambua kwamba ameifanya. Na kwa kuwa haimgharimu kitu, hadhani kwamba ni kazi.

Watunza vitabu wa zamani walilijua jambo hili. Sisi tuliojaza rejesta za mahudhurio na madaftari ya fedha ya shule tulifundishwa kwamba kila ukurasa mpya upewe namba, vichwa vya safu viandikwe upya, na katika daftari la fedha jumla ya ukurasa uliotangulia iandikwe juu kabisa ya ukurasa unaofuata. Mkaguzi aliyelifungua daftari katikati alijua mara moja yuko wapi na hesabu imetoka wapi. Hayo hayakuwa mapambo. Kuikata orodha ndefu katika kurasa ni kukivunja kitu kizima vipande vipande, na mwenye kukivunja ana wajibu wa kumwachia msomaji njia ya kuviunganisha.

Kompyuta nayo hukata majedwali. Orodha ya watahiniwa, wapiga kura, wateja au dawa zilizomo ghalani yaweza kuwa na mistari maelfu, na kuileta yote kwa mara moja huchosha mashine, mtandao na msomaji. Kwa hiyo watengenezaji wa tovuti huionyesha mistari 10, au 25, au 100 kwa kila ukurasa, na chini yake huweka vitufe vya kwenda mbele na kurudi nyuma. Utaratibu huu ni mzuri. Neno langu si kwamba usiwepo. Neno langu ni namna unavyowekwa.

Sasa, asiyeona husomaje? Hutumia programu inayoyasoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kinachosomwa kwa vidole. Programu hizi si ngeni tena. Ile iitwayo JAWS, ambayo mwanzilishi wake Ted Henter alikuwa haoni, ilitoka mwaka 1989. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kutengeneza NVDA, ambayo hutolewa bure ili umaskini wa mtu usiwe kizuizi cha pili juu ya kile cha kwanza. Simu nyingi za siku hizi zina programu ya namna hiyo ndani yake tangu zinapotoka kiwandani. Kiswahili nacho kimo miongoni mwa lugha zinazoweza kusomwa, ingawa aliyetengeneza ukurasa asipotaja ndani yake kwamba lugha yake ni Kiswahili, programu yaweza kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza hadi msikilizaji asitambue jina lake mwenyewe.

Jicho huona ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja, lakini sikio hupokea neno moja baada ya jingine, kama mtu anayekunywa maji kwa mrija. Hata hivyo mrija hutosha ikiwa jedwali limejengwa ipasavyo. Mtengenezaji akiwa ametaja ndani ya ukurasa kwamba hili ni jedwali, hivi ni vichwa vya safu, na majina haya ni vichwa vya mistari, programu humweleza msomaji jina la jedwali na idadi ya safu na mistari yake. Kwa kubonyeza herufi moja ya kibodi msomaji huruka moja kwa moja mpaka kwenye jedwali. Kwa vitufe vya mishale, pamoja na vingine viwili, hutembea kutoka kisanduku hadi kisanduku. Akienda kulia, hutajiwa kichwa cha safu aliyoingia. Akishuka, hutajiwa jina la mstari aliofika. Yaani programu hufanya kwa sauti kazi ile ile ambayo jicho huifanya kimyakimya.

Lakini programu haina macho. Haioni kwamba maneno ya juu yamekolezwa wino, wala kwamba mistari imechorwa vizuri. Husoma yale yaliyotajwa tu. Mtengenezaji anapopanga maneno yake yakafanana na jedwali kwa sura bila kuyatambulisha kuwa jedwali, mwenye macho haoni tofauti yoyote. Msikilizaji anasikia: 62, 71, 48, 55. Sitini na mbili ya nani? Ya somo gani? Lazima ahesabu kichwani kila kisanduku tangu mwanzo wa mstari. Na akikuta kisanduku kitupu, hajui kama mwanafunzi hakufanya mtihani, au alama haijaingizwa, au yeye mwenyewe amekosea kuhesabu.

Chukua mfano wa mwalimu wa historia asiyeona, katika shule yenye watahiniwa 240. Orodha ya matokeo ina safu 8, nayo inaonyeshwa mistari 25 kwa ukurasa. Hizo ni kurasa 10 zenye visanduku 1,920. Mwalimu anataka kujua ni nani walioanguka katika somo lake, apate kuwafundisha upya. Amemaliza ukurasa wa kwanza, akakitafuta kitufe cha kwenda mbele, akakibonyeza. Kwenye skrini mistari 25 imetoweka na mingine 25 imeshika nafasi yake. Mwenye macho angeona mabadiliko hayo kwa kufumba na kufumbua. Mwalimu huyu hasikii kitu. Je, kitufe kimefanya kazi? Je, mtandao umekatika? Je, yuko ukurasa wa pili au bado yuko wa kwanza? Anabonyeza tena kwa wasiwasi, na sasa amefika ukurasa wa tatu bila kujua, na wanafunzi 25 wamepotea katika hesabu yake.

Au hutokea kinyume chake: ukurasa wote huletwa upya, na msomaji akatupwa juu kabisa ya tovuti. Hapo itambidi apite tena nembo, salamu na orodha ya idara kabla hajalifikia jedwali. Kurasa 10, safari 10. Hata vitufe vyenyewe aghalabu ni alama tu, kimshale kimoja au viwili, visivyo na jina. Programu husema "kitufe" na kunyamaza. Namba za kurasa husomwa "kiungo 1, kiungo 2, kiungo 3" bila kusema ni namba za nini, na ule ukurasa ambao msomaji yuko ndani yake huwa umepakwa rangi tofauti, na rangi haina sauti.

Dawa ya maradhi haya inajulikana, nayo haihitaji fundi bingwa. Vitufe vipewe majina: ukurasa uliotangulia, ukurasa unaofuata. Kundi la namba lipewe jina lake, lijulikane kuwa ni la kurasa za jedwali fulani. Ukurasa uliopo utambulishwe kwa neno, usitambulishwe kwa rangi peke yake. Kisanduku kitupu kisemwe kwamba ni kitupu na kwa sababu gani. Jedwali linapobadilika papo hapo, tangazo fupi litolewe: ukurasa wa 3 kati ya 10, mistari 51 hadi 75 kati ya 240. Na ukurasa unapoletwa upya, kichwa chake kitaje namba hiyo hiyo, kisha kuwe na njia ya kuruka moja kwa moja mpaka kwenye jedwali. Mafundi wana namna mbili za kutoa tangazo la papo hapo: ya kwanza humkatiza msomaji, na ya pili husubiri amalize anachosikiliza. Hii ya pili wameiita kwa neno lenye maana ya adabu. Nimelipenda jina hilo. Maana hakika jambo lote hili ni adabu: kumwambia mtu kilichotokea mbele yake, kwa maneno machache, wakati unaofaa.

Hapa ndipo linapozaliwa swali la maadili. Mtengenezaji wa tovuti ile angeweza kujitetea hivi: "Sikumficha mtu kitu. Kila namba imo, na programu yake inaisoma." Ni kweli. Lakini je, mtu aliyepewa maneno yote amepewa maana? Mwaka 1829 Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka akiwa mtoto mdogo, alichapisha mfumo wake wa nukta. Kabla yake Charles Barbier, mtu mwenye macho na mwenye nia njema, alikuwa amebuni mfumo wa nukta 12 ulioandika sauti za maneno. Ulisomeka, lakini haukuonyesha tahajia, na alama yake moja ilikuwa kubwa kuliko ncha ya kidole. Braille alizipunguza nukta zikawa 6, zikaenea chini ya kidole kimoja, na akaziandikia herufi. Barbier aliwapa wasioona namna ya kusoma alivyodhani inawatosha. Braille, aliyekuwa mmoja wao, alitaka wapate kile kile walichokipata wengine. Tofauti kati ya watu hawa wawili haikuwa wema, kwa maana wote wawili walikuwa wema. Tofauti ilikuwa katika swali waliloliuliza.

Basi swali la kwanza, "Je, nimempa?", halitoshi. Swali la pili ni, "Je, anaweza kukitumia nilichompa kama mwingine anavyokitumia?" Usawa wa kugawa vitu waweza kutimia na haki isitimie. Ukimpa kila mwanafunzi kitabu kile kile, na mmoja wao ukampa kisichoshonwa, kurasa zake zimechanganyika na namba zimekatwa, humdanganyi ukimwambia kwamba maneno yote yamo. Lakini humtendei haki.

Yawezekana msomaji akasema: mwalimu huyo si anaweza kumwomba mwenzake amsomee? Anaweza, na wengi hufanya hivyo kila siku, na Mungu awabariki wanaowasomea. Lakini fikiri kidogo. Leo ni matokeo ya mtihani. Kesho ni taarifa ya mshahara, keshokutwa ni orodha ya malipo katika akaunti yake ya benki, mtondo ni majibu ya vipimo vya hospitali. Yote hayo huja kwa majedwali. Mtu mzima anayelazimika kumwita mtoto wake amsomee deni lake hana siri tena katika nyumba yake. Kusaidiwa si aibu, nasi sote husaidiwa. Lakini msaada ni mtamu unapouomba kwa hiari, na ni mchungu unapokuwa mlango pekee. Hisani humwacha mpokeaji akishukuru. Haki humwacha akiendelea na shughuli zake. Na mtu hawezi kuishi maisha yake yote akishukuru tu.

Wengine husema kwamba wasioona ni wachache, na tovuti hutengenezwa kwa ajili ya wengi. Huwajibiwa mara nyingi kwamba jedwali lililojengwa vizuri huwafaa wote: mzee mwenye uoni hafifu kama mimi, mtu anayesoma kwenye simu ndogo, hata mwenye macho makali aliyechoka. Jibu hilo ni la kweli, ila mimi sipendi kuijenga hoja juu yake. Ikiwa tunamtendea haki asiyeona kwa sababu sisi wenye macho tunafaidika pia, basi siku faida yetu itakapokwisha haki yake nayo itakwisha. Deni hulipwa kwa sababu ni deni. Likimnufaisha mlipaji njiani, heri. Lisipomnufaisha, bado ni deni.

Tena kuna hoja ya gharama. Hii naiheshimu zaidi, kwa sababu aliyeongoza taasisi anajua kwamba fedha haitoshi hata siku moja. Lakini gharama kubwa hutoka katika kuchelewa. Kuandika kwamba kichwa cha safu ni kichwa cha safu, wakati jedwali linapojengwa, ni kazi ya dakika chache. Kurudi miaka mitano baadaye kwenye mfumo uliokwisha kujengwa, wenye majedwali mia, ni kazi nyingine kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwenye kujenga ukuta huo asiseme kwamba wasioona ndio waliomgharimu. Kilichomgharimu ni ule ufa.

Wala hawezi mtu kudai kwamba hakuambiwa. Miongozo ya kimataifa ya kuzifanya kurasa za intaneti zifikike na watu wote ilitolewa kwanza mwaka 1999, ikaandikwa upya mwaka 2008, na kuongezwa mwaka 2018 na 2023. Imo humo kanuni kwamba uhusiano unaoonekana kwa jicho uwe pia umetajwa kwa namna ambayo programu itaujua, na nyingine kwamba ujumbe wa hali utangazwe bila kumhamisha msomaji alipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na kifungu chake cha 9 kinataja wazi habari na mawasiliano, pamoja na intaneti. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo elimu ipo na sheria ipo. Kinachokosekana ni mazoea.

Na mazoea, kama kila mwalimu ajuavyo, hayaji kwa kuhubiriwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana anayejifunza kutengeneza tovuti azime skrini yake, afungue programu ya kusoma kwa sauti, kisha alitafute jina moja katika ukurasa wa 7 wa jedwali alilolijenga mwenyewe. Zoezi hilo halimgharimu chochote ila nusu saa na kiburi kidogo. Kisha akae na mtu asiyeona, amwone akilitumia jedwali lile lile, asimwingilie wala asimfundishe. Katika vyuo vyetu tulikuwa tukimketisha mwalimu mwanafunzi dawati la nyuma kabisa, asome ubao alioandika yeye mwenyewe. Wengi walibadilisha mwandiko wao siku hiyo hiyo.

Sitaki kumalizia kwa ahadi isiyotimizika. Hata jedwali lililojengwa kwa uangalifu wote halitampa msikilizaji ule mtazamo wa mara moja alionao mwenye macho, anayepitisha jicho juu ya mistari 25 na kuiona mara moja namba iliyo ndogo kuliko zote. Sikio si jicho. Labda kuna vitu ambavyo mwenye macho atavipata daima kwa wepesi zaidi, kama vile kuna vitu ambavyo asiyeona huvisikia nasi tukavipita. Haki haidai kwamba watu wote wapitie jambo kwa namna moja. Inadai kwamba wote wawe na uwezo mmoja juu yake: kujua uko wapi, kujua kimebaki kiasi gani, kuweza kurudi nyuma, na kuweza kusimama unapotaka.

Nikiutazama uwezo huo, naona ndio tunaoutaka katika mambo makubwa pia. Raia anataka kujua fedha za kijiji zimefikia wapi. Mgonjwa anataka kujua maradhi yake yamefika hatua gani. Mwanafunzi anataka kujua amebakiza nini kabla ya mtihani. Mwenye habari anayenyamaza wakati mambo yanabadilika mbele ya mtu asiyeweza kuyaona, hata kama hakusema uongo, amemfungia mlango. Na mwenye kusema, kwa maneno machache na kwa wakati wake, "Hapa ni ukurasa wa 3 kati ya 10", amempa mtu huyo kitu ambacho fimbo nyeupe humpa barabarani. Hakumbeba. Amemwezesha kwenda mwenyewe.